Lisztomania: Muziki Ulioazimwa kwa Mwazimaji

Mwaka 1975 mwongozaji wa filamu wa Uingereza, Ken Russell, alitoa filamu mbili za muziki ndani ya miezi michache. Ya kwanza, Tommy, ilitokana na opera ya roki ya bendi ya The Who na ilipokelewa vizuri. Ya pili, Lisztomania, ilihusu maisha ya mtunzi na mpiga piano Franz Liszt, na ilimpa nafasi ya Liszt mwimbaji yuleyule wa The Who, Roger Daltrey. Hii ya pili haikuwa na bahati. Wahakiki wengi waliishambulia, watazamaji hawakujitokeza kama ilivyotarajiwa, na muziki wake, ambao mpiga vinanda Rick Wakeman aliupanga upya kutoka katika tungo za Liszt na za Richard Wagner, ukabaki yatima: wapenzi wa roki waliuona kuwa kazi ya pembeni, na wapenzi wa muziki wa klasiki wakauona kuwa uharibifu.

Lawama ya uharibifu ndiyo ninayotaka kuichambua hapa, kwa sababu inachukulia kwamba palikuwepo kitu kimoja kilichokamilika, kikawekwa kabatini, kisha Wakeman akaja akakivunja. Ukifuatilia asili ya kila kipande katika albamu ya filamu hii, unagundua kwamba vingi vilikuwa vimekwisha kupangwa upya mara moja, mbili au tatu kabla Wakeman hajazaliwa, na kwamba aliyevipanga mara nyingi ni Liszt mwenyewe. Hivyo mtu anayesikiliza albamu hii husikia tabaka kadhaa za kazi kwa wakati mmoja. Kuna uamuzi wa mtunzi wa karne ya 19, kuna uamuzi wa mpangaji wa muziki wa mwaka 1975, kuna mahitaji ya mwongozaji wa filamu, na kuna mkasi wa kampuni ya santuri. Ugumu wa kuihukumu kazi hii unatokana na kuyachanganya tabaka hayo.

Kwanza, roki yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya bendi za Uingereza zilianza kuchoshwa na wimbo wa dakika tatu wenye beti na kiitikio, zikatunga vipande virefu vyenye sehemu zinazobadilika mapigo na mwendo, zikatumia vinanda vingi, na zikaazima mahadhi kutoka kwa watunzi wa klasiki. Aina hiyo ya roki iliitwa progresivu. Wengi wa wanamuziki wake walikulia kwenye kwaya za kanisa na masomo ya piano, kwa hiyo Bach na Brahms hawakuwa wageni kwao. Wakeman, aliyezaliwa mwaka 1949 katika viunga vya London, aliingia chuo cha muziki cha Royal College of Music mwaka 1968, akaacha masomo kabla ya kuhitimu kwa sababu kazi za studio zilikuwa zimemzidi, akapigia bendi ya Strawbs, na mwaka 1971 akajiunga na Yes.

Katika albamu yake ya kwanza na Yes, Fragile, kuna kipande kifupi cha Wakeman kinachoonyesha njia yake ya kufanya kazi waziwazi kuliko maelezo yoyote. Alichukua sehemu ya tatu ya simfonia ya nne ya Johannes Brahms, akaigawa okestra nzima kwa vinanda vyake. Piano ya umeme ilipewa kazi ya nyuzi, piano ya kawaida ikachukua filimbi na zumari, ogani ikasimama badala ya tarumbeta, na sintesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme, ikapewa sauti nzito ya chini kabisa. Aliifupisha sana sehemu hiyo, lakini mahadhi hayakuguswa, na kilichobadilika katika alichobakiza ni koo tu, yaani ala inayotoa sauti. Baadaye alitunga kazi zake kubwa mwenyewe, ikiwemo Journey to the Centre of the Earth, iliyorekodiwa mbele ya hadhira katika Royal Festival Hall mnamo Januari 1974 pamoja na London Symphony Orchestra na kwaya. Alipoitwa na Ken Russell alikuwa tayari ameondoka Yes, alikuwa na jina kubwa, na alikuwa na bendi yake iliyoitwa English Rock Ensemble. Mtu aliyezoea kuitia okestra ndani ya vinanda alitakiwa sasa kufanya safari ya kurudi: kuichukua piano ya Liszt na kuitawanya kwa bendi, okestra na waimbaji.

Sasa Liszt. Alizaliwa mwaka 1811 katika kijiji cha Raiding, wakati huo ndani ya Ufalme wa Hungaria, akafariki mwaka 1886 mjini Bayreuth. Kati ya mwaka 1839 na 1847 alizunguka Ulaya akipiga piano peke yake jukwaani, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabla yake, na vurugu za mashabiki waliogombania leso na glavu zake zilimfanya mshairi Heinrich Heine abuni mwaka 1844 neno ambalo Ken Russell aliligeuza kuwa jina la filamu. Watu wengi hulijua hilo. Lisilojulikana sana ni kwamba sehemu kubwa sana ya alichokuwa akipiga Liszt haikuwa mali yake. Alipanga kwa piano simfonia zote tisa za Beethoven. Alipanga nyimbo za Schubert kwa makumi. Aliangalia opera iliyokuwa ikivuma mjini, akachukua mahadhi mawili matatu yaliyompendeza, akayaunganisha kwa mapambo ya vidole yanayotisha, akayapiga mbele ya watu usiku uliofuata. Nyakati ambazo hapakuwa na santuri wala redio, mtu wa mji mdogo angeweza kuzeeka bila kuisikia simfonia ya Beethoven ikipigwa na okestra, lakini angeweza kuisikia ikitoka kwenye piano. Kupanga upya kulikuwa njia ya kuusambaza muziki, na hakuna aliyeona aibu.

Kwa mwanga huo, kipande kinachofungua albamu kinasomeka tofauti. Kinaitwa Rienzi/Chopsticks Fantasia. Katika filamu, Liszt yuko jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa wasichana wanaopiga mayowe kama mashabiki wa bendi za miaka ya 1960. Anaanza kupiga muziki wa Rienzi, opera ya Wagner iliyoonyeshwa mara ya kwanza Dresden mwaka 1842, na wasichana wanadai apige kile kijimbo cha watoto cha vidole viwili kiitwacho Chopsticks. Anawapa wanachotaka. Anachanganya vyote viwili, anahama kutoka kwenye fahari ya Wagner hadi kwenye mchezo wa watoto na kurudi, huku Wagner akiwa ukumbini na akikasirika. Wahakiki waliona dhihaka tu. Lakini Liszt wa kweli aliandika kipande cha piano kilichotokana na mahadhi ya Rienzi, na alikiandika mwaka 1859. Zaidi ya hayo, kundi la watunzi wa Urusi, wakiwemo Borodin na Rimsky-Korsakov, walipochapisha mkusanyo wa vipande vilivyojengwa juu ya kijimbo cha watoto kilicho ndugu wa Chopsticks, Liszt aliyekuwa mzee wakati huo aliufurahia hata akaandika milio michache ya kwake kuongezea toleo lililofuata. Filamu imezikusanya nyakati zilizoachana kwa miongo na kuzitia katika usiku mmoja, na hapo imekosea historia. Kuhusu tabia ya Liszt haikukosea hata kidogo.

Kipande kinachostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni Love's Dream, ambacho Daltrey anakiimba kwa maneno yake mwenyewe juu ya mahadhi ya Liebestraum namba 3. Utunzi huu wa piano ni miongoni mwa tungo za Liszt zinazopigwa zaidi duniani, na lawama kwamba Daltrey aliuvika maneno utunzi usio na maneno imerudiwa mara nyingi. Ukweli ni kwamba maneno yalikuwepo kwanza. Liszt aliutunga kama wimbo wa sauti ya mtu na piano, juu ya shairi la Kijerumani la Ferdinand Freiligrath, kisha akaupanga upya kwa piano peke yake, na matoleo yote mawili yakachapishwa mwaka 1850. Shairi hilo linamwambia mtu apende maadamu anaweza kupenda, kwa maana itafika saa atakaposimama makaburini akilia na kujutia neno baya alilolitamka. Ni shairi la mauti na majuto, na mapenzi ya vijana wawili hayamo ndani yake. Kwa hiyo Liszt mwenyewe ndiye aliyeyaondoa maneno, akaupa utunzi jina la ndoto ya mapenzi, na kuanzia hapo wasikilizaji wakausahau uzito wake wa asili. Daltrey aliporudisha sauti ya mtu aliirudisha juu ya jina hilo jipya, akaimba mapenzi. Katika filamu wimbo huo unaambatana na sehemu iliyopigwa kwa mtindo wa sinema bubu za Charlie Chaplin, Liszt na mpenzi wake Marie d'Agoult wakiwa ndani ya kijumba, wakipendana, wakizaa na kuchokana. Ikiwa kuna kilichopotea njiani, kilipotea mwaka 1850.

Tuuguse sasa utunzi wenyewe. Mahadhi ya Liebestraum yanaanza kwa namna ya ajabu, kwa kuwa baada ya noti moja ya kuingilia yanatua kwenye noti ya C na kuirudia, na kuirudia tena, kana kwamba mwimbaji ameshikwa na neno moja asiloweza kuliacha. Ukiyapiga kwa kidole kimoja bila kitu chini yake, yanachosha. Uzuri uko katika hamonia, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inayosogea chini ya noti hiyo isiyosogea. Mwanzoni C imekaa juu ya hamonia ya A flati, na inasikika tamu na tulivu. Kisha hamonia inahamia C yenyewe, na noti ileile inageuka kuwa nguzo. Kisha inahamia F, na noti ileile inaanza kuvuta kuelekea mahali pengine. Sikio linasikia safari ingawa mahadhi yamesimama. Mpangaji wa roki anayetaka kurahisisha mambo, akapunguza hamonia zikabaki tatu zile za kawaida za gitaa, ataua wimbo papo hapo na atabaki na C inayojirudia bila sababu. Wakeman hakufanya hivyo, na wala asingeweza kufanya hivyo mtu aliyefunzwa kama yeye. Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya mpangaji anayeuelewa utunzi na anayeupenda tu kwa masikio: wa kwanza anajua ni kipi kinaweza kuondolewa na ni kipi kikiondolewa jengo linaanguka.

Jambo la pili ni mapambo. Katika toleo la piano mahadhi yako katikati ya kinanda, yanapigwa kwa kupokezana na vidole gumba vya mikono miwili, huku vidole vingine vikikimbia juu na chini kwa noti nyingi ndogo, hata anayesikiliza bila kuona hudhani kuna mikono mitatu. Kwa nini Liszt aliweka noti zote hizo? Sababu moja ni urembo, na hilo halikatiki. Sababu nyingine ni maumbile ya piano. Nyundo ikishagonga waya, sauti inaanza kufa papo hapo, na mpigaji hana namna ya kuikuza. Noti ndefu ya mwimbaji, inayoweza kuvimba na kupungua, haiwezekani kwenye piano, kwa hiyo mtunzi huizungushia noti ndogo ndogo ili hewa isibaki tupu. Mara tu mahadhi yanapopewa sauti ya mtu, au nyuzi za okestra, au sintesaiza, tatizo hilo linatoweka. Sauti hizo hazifi mpaka anayezitoa azikate. Mpangaji anabaki na noti nyingi ambazo kazi yake imekwisha, na lazima aamue: azibakize kama pambo, azihamishie kwenye piano iliyo nyuma ya mwimbaji, au aziache kabisa. Anayelalamika kwamba Wakeman amepunguza noti za Liszt anapaswa kwanza kuuliza noti hizo zilikuwa zikifanya kazi gani.

Ala za miaka ile nazo zilikuwa na masharti yake. Sintesaiza ya Minimoog, iliyoingia sokoni mwaka 1970 na ambayo Wakeman aliitumia sana, ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na ukibonyeza mbili inachagua moja. Kwa hiyo haikuweza kuichukua piano ya Liszt yote, iliweza tu kuchukua uzi mmoja wa mahadhi na kuung'arisha. Mellotron ilitoa sauti ya nyuzi au kwaya iliyorekodiwa kwenye tepu, tepu moja kwa kila kibonyezo, na kila tepu ilidumu sekunde nane hivi kabla haijaisha na kuhitaji kurudi mwanzo. Ndiyo sababu mpiga vinanda wa progresivu alisimama katikati ya vinanda vingi vilivyorundikwa kushoto na kulia: kila kimoja kilijua jambo moja. Kuipanga piano ya Liszt kwa ala hizo kulikuwa kama kumgawia kila mtumishi kazi anayoiweza, na kila mgawanyo ulimlazimisha mpangaji aamue ni sauti gani iko mbele na ipi iko nyuma, uamuzi ambao Liszt alimwachia mpigaji na uzito wa vidole vyake.

Na kuna ngoma. Hili kwangu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linaloleta hasara ya kweli. Mpiga piano anapopiga Liebestraum, mwendo unapumua. Anachelewa kidogo kabla ya noti muhimu, anaharakisha kupanda, anasimama kabisa kwenye zile sehemu mbili ambapo noti zinatiririka kama maji bila mapigo ya kuhesabika. Ngoma za roki hazipumui hivyo. Zikishaanza, kila kitu kinajipanga kwenye mstari wao, na zile sehemu zisizo na mapigo ama zinakatwa ama zinageuzwa kuwa mapumziko ya bendi. Wimbo unapata uti wa mgongo na unapoteza pumzi. Mpangaji mwenye busara huchelewesha kuziingiza ngoma au huziweka chini, lakini hawezi kuifuta gharama hiyo, kwa sababu iko ndani ya aina ya muziki aliyoichagua. Msikilizaji anayeuona mwendo unaopumua kuwa ndio roho ya Liszt ana haki ya kutoridhika, na mimi sina la kumjibu.

Upande wa Hungaria una tabaka zaidi. Albamu ina wimbo unaoitwa Free Song, na kichwa chake chenyewe kinautaja kuwa umetoka katika rapsodia ya Kihungaria, yaani kipande huru kinachobadilika hisia na mwendo. Liszt aliandika rapsodia za namna hiyo 19, na kwa muda mrefu zilichukuliwa kuwa sauti halisi ya wakulima wa Hungaria. Hazikuwa hivyo. Liszt alizisikia kutoka kwa bendi za Waroma, watu wa jamii iliyozoeleka kuitwa Wajipsi, zilizopiga mijini na kwenye nyumba za wageni, akaiga fidla zao zinazolia na ala yao ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti viwili, akafuata desturi yao ya kuanza polepole kwa huzuni na kumaliza kwa kasi ya kichaa. Aliamini kwamba muziki huo ulikuwa wa Waroma kwa asili, na alichapisha kitabu mwaka 1859 kutetea imani hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtunzi wa Hungaria, Béla Bartók, alikwenda vijijini na mashine ya kurekodi, akaonyesha kwamba nyimbo za wakulima zilikuwa kitu tofauti kabisa, na kwamba mengi waliyopiga Waroma mijini yalikuwa mahadhi ya watunzi wa karibuni tu. Basi Daltrey anapoimba juu ya rapsodia, tunasikia mwimbaji wa roki juu ya mpangilio wa Wakeman, juu ya piano ya Liszt, juu ya fidla ya Mroma asiyejulikana jina, juu ya mahadhi ya mtunzi wa mjini aliyesahaulika. Ukiuliza ni wapi hapo muziki ulipoharibiwa, utapata tabu kunyoosha kidole.

Ken Russell alilijua suala hili la kuazima, na alilitia ndani ya filamu kwa picha ambayo haisahauliki: Wagner anageuka mnyonya damu, anamng'ata Liszt shingoni akiwa kwenye piano, naye Liszt anaendelea kupiga. Ni picha ya kutisha lakini imejengwa juu ya jambo la kweli. Liszt ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la opera ya Wagner, Lohengrin, mjini Weimar mwaka 1850, wakati Wagner mwenyewe alikuwa mkimbizi asiyeweza kukanyaga ardhi ya Ujerumani. Alimpa fedha, alimtangaza, na hatua za hamonia ambazo Liszt alizijaribu mapema zinasikika katika kazi za Wagner zilizofuata. Binti yake Cosima aliolewa na Wagner mwaka 1870. Mahali ambapo filamu inanisumbua ni pale inapoigeuza damu hiyo kuwa ya upande mmoja. Liszt naye alimchukua Wagner bila kukoma, akazipanga opera zake kwa piano moja baada ya nyingine, na mpangilio wake wa mwaka 1867 wa kifo cha Isolde, mwisho wa opera ya Wagner iitwayo Tristan und Isolde, ni miongoni mwa kazi zake nzuri kuliko zote. Hao walikuwa wanyonyaji wawili waliojuana vizuri.

Sehemu ya mwisho ya filamu, ambapo Wagner anafufuka akiwa na sura ya Hitler na gitaa linalofyatua risasi, inaeleza kwa nini Rienzi inatangulia kwenye albamu. Hitler aliipenda opera hiyo tangu ujanani, ufunguzi wake ulipigwa kwenye mikutano mikubwa ya chama chake mjini Nuremberg, na hati ya asili aliyoandika Wagner kwa mkono, ambayo Hitler alizawadiwa alipotimiza miaka 50 mwaka 1939, ilipotea vita vilipomalizika. Muziki unaochekesha dakika ya kwanza una kivuli hiki nyuma yake. Wakeman mwenyewe anaonekana katika filamu kama Thor, jitu analoliumba Wagner akitarajia shujaa, likatokea kuwa mlevi asiye na faida.

Upo pia upande wa sheria, ambao mashabiki huusahau ingawa ndio unaoamua ni muziki gani unaweza kuguswa. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ililinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wagner alifariki mwaka 1883 na Liszt mwaka 1886, kwa hiyo kufikia 1975 mtu yeyote aliweza kuwachukua bila kuomba ruhusa. Ken Russell alikuwa na kovu katika jambo hili. Mwaka 1970 alitengenezea BBC filamu kali kuhusu mtunzi Richard Strauss, aliyefariki mwaka 1949, na kwa kuwa muziki huo ulikuwa bado chini ya ulinzi, familia ya mtunzi iliuondoa kwenye filamu, na filamu ikafungiwa kwa miongo mingi baada ya kuonyeshwa mara moja tu. Wanamuziki wa progresivu nao walilijua hilo. Keith Emerson, mpiga vinanda wa bendi ya Emerson, Lake & Palmer, alipotaka kupiga muziki wa Alberto Ginastera, mtunzi wa Argentina aliyekuwa hai, ilimbidi amfuate Geneva na kumsikilizisha kanda kabla ya kuruhusiwa kuitoa mwaka 1973. Kwa Liszt hapakuwa na wa kumfuata. Lakini ukiangalia wimbo kama Love's Dream kwa jicho la sheria, mahadhi ni mali ya wote, maneno ni ya Daltrey, mpangilio ni wa Wakeman, na rekodi ni ya kampuni. Wimbo mmoja una wamiliki watatu na mtunzi asiyemiliki chochote.

Filamu nayo ina madai yake. Muziki wa filamu hauruhusiwi kumaliza hoja yake kwa muda unaoutaka wenyewe. Unakatwa pale picha inapokatwa, unanyamaza wahusika wanapozungumza. Lisztomania ilikuwa mojawapo ya filamu za kwanza kabisa kutumia Dolby Stereo, mfumo uliowezesha sauti za kushoto, katikati na kulia kubebwa kwenye ukanda uleule wa filamu huku mvumo wa chinichini ukipunguzwa, kwa hiyo ukumbini mpangilio wa Wakeman ulipata nafasi na upana. Aliyenunua santuri alipata kitu kingine: pande mbili za dakika ishirini hivi kila moja, na vipande vilivyochaguliwa na kufupishwa. Wakeman hakuificha hasira yake. Alieleza mara nyingi kwamba albamu iliyouzwa mwaka 1975 haikuwa kazi aliyoikusudia, na mwaka 2002 alitoa toleo lake mwenyewe akaliita The Real Lisztomania, yaani Lisztomania ya kweli.

Namwelewa, lakini neno hilo la kweli linakaa vibaya karibu na jina la Liszt. Chukua utunzi wake uitwao Mazeppa. Mbegu yake imo katika mazoezi ya piano aliyoyachapisha mwaka 1826 akiwa kijana wa miaka 15. Mwishoni mwa miaka ya 1830 aliligeuza zoezi hilo kuwa kipande kigumu ambacho watu wachache waliweza kukipiga, baadaye akakipa jina la Mazeppa, mwaka 1852 akakitoa tena kikiwa kimerekebishwa, na kufikia 1854 alikuwa amekipanga kwa okestra nzima na kukiongoza mwenyewe mjini Weimar. Matoleo yote hayo yamechapishwa, na ingawa Liszt mwenyewe aliliita lile la 1852 toleo pekee halisi, mengine nayo yanapigwa hadi leo.